Uzi maalumu: Kutoka tasnifu hadi makala ya jarida, kwa sisi tulio Uganda

Mwalimu wa Gulu

Habari za jioni ndugu zangu. Wiki hii vijana watatu waliomaliza uzamili wameniandikia, na wote wanauliza jambo lilelile: "Mwalimu, tasnifu imeshapita, sasa naipeleka wapi ichapishwe?" Nimeona badala ya kumjibu kila mmoja pembeni nifungue uzi hapa, na wenye uzoefu waongeze.

Kabla ya mengine yote, shikeni hili: chagua jarida kwanza, ndipo uandike. Wengi wetu tunaanza kinyume. Tunaandika, tunamaliza, kisha tunazunguka na andiko mkononi tukitafuta mlango wa kubisha. Mimi nilifanya hivyo na yakanikuta.

Tasnifu yangu ilihusu Kiswahili cha wanafunzi wa sekondari wanaozungumza Kiacholi. Nilichukua sura ya nne nzima, nikabadilisha "tasnifu hii" kuwa "makala hii" kila ilipotokea, nikapunguza majedwali mawili, nikatuma. Jibu lilikuja baada ya siku sita, mistari miwili tu: andiko haliendani na upeo wa jarida. Halikufika hata kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaolisoma andiko na kulipima kabla halijachapishwa, lilikwamia mezani kwa mhariri. Niliumia sana. Nilidhani wameona anwani ya Uganda wakasema huyu atatuambia nini kuhusu Kiswahili.

Baadaye nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilipakua matoleo matatu ya karibuni ya jarida lile, nikakaa nayo mwisho wa wiki mzima. Kila makala ilikuwa na swali moja. Moja! Yangu ilikuwa na malengo mahususi matano, yaleyale yaliyokuwa kwenye pendekezo la utafiti. Mhariri alikuwa sahihi.

Angalieni kichwa changu cha kwanza: "Uchunguzi wa Changamoto za Ufundishaji na Ujifunzaji wa Kiswahili katika Shule za Sekondari Wilayani Gulu: Athari na Mapendekezo." Kinaweza kubeba chochote, na ndiyo maana hakimwambii msomaji lolote.

Na hiki ndicho kilichochapishwa, kwa muhtasari: upatanisho wa -a unganifu (ile "cha", "wa" au "vya" inayounganisha nomino mbili na kufuata ngeli ya ile ya kwanza) katika insha za wanafunzi wanaozungumza Kiacholi. Basi. Wanafunzi wangu huandika "kitabu ya mwalimu", "mtoto ya jirani", "viatu ya baba". Kwa Kiacholi unasema *buk pa lapwony*, kitabu cha mwalimu, na hiyo *pa* haibadiliki hata nomino iwe ipi. Swali langu likawa: je, "ya" yao imefuata njia ya *pa*? Hilo ni swali la makala. Yale mengine manne yamebaki kwenye tasnifu, na hayajapotea.

Kijana wa Arua

Shikamoo mwalimu. Asante kwa uzi huu. Mimi nina kurasa 140 na jarida ninalolitaka linasema maneno 7,000 pamoja na marejeleo. Naanzia wapi kukata? Kila nikigusa naona naharibu.

Mwalimu wa Gulu

Marahaba kijana wangu. Usikate. Ukianza kukata utabaki na tasnifu iliyochakaa. Fungua faili jipya, tupu, na uandike upya huku tasnifu iko pembeni kama ghala la kuchotea.

Mapitio ya maandiko ndiyo yanayotusumbua zaidi. Kwenye tasnifu unamthibitishia mtahini kwamba umesoma, kwa hiyo unapanga: fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile, kurasa thelathini. Msomaji wa jarida hahitaji uthibitisho huo. Anataka kujua mazungumzo yamefika wapi na wewe unaingilia wapi. Yangu yalitoka kurasa 31 yakawa aya nne. Sura ya nadharia ikawa aya moja na nusu. Historia ya wilaya, idadi ya shule na ramani ya eneo la utafiti zilibaki sentensi mbili, na ramani ikatoka. Mapendekezo kwa wizara yaliondoka yote, kwa kuwa hayakujibu swali.

Usichokata ni data yako. Mifano halisi ya wanafunzi niliiacha ikapumua, na wahakiki wote wawili waliitaja kuwa ndiyo nguvu ya andiko.

Jambo jingine: tazama marejeleo ya makala zilizomo kwenye jarida unalolitaka. Ukikuta hakuna hata moja kati ya kazi ulizozisoma wewe, ama jarida si lako, ama kuna mazungumzo hujayasikia bado.

Kwa sisi wa Kiswahili, milango ipo. Kuna jarida la *Kiswahili* la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lenye mizizi yake katika chapisho la kamati ya lugha ya miaka ya 1930, na kuna *Mulika* la taasisi hiyohiyo. Kuna *Swahili Forum* linalotoka Ujerumani, lilianza 1994, linasomwa bure mtandaoni na linapokea makala kwa Kiswahili. Kila moja lina mwongozo wake kwa waandishi. Uchapishe kwa karatasi, uweke mezani, uwe na kalamu.

Mkutubi Mbarara

Naomba niingie kwa upande wa maktaba, maana haya ndiyo ninayoulizwa kila siku.

Kwanza, majarida ya kilaghai. Yapo mengi na yanawatafuta wahitimu wetu kwa barua pepe: "Mheshimiwa Daktari, tumeisoma kazi yako nzuri, tutumie makala, tutachapisha ndani ya siku tatu." Hakuna mhakiki anayesoma, anachosubiri mwenye jarida ni malipo. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver, aliwahi kutunza orodha yao, ila aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Kwa hiyo usitegemee nakala za zamani za orodha ile, chunguza mwenyewe.

Watu huniambia, "Lakini lina ISSN." ISSN ni namba ya kulitambulisha chapisho, kama namba ya gari. Haisemi dereva anajua kuendesha. Ninachofanya mimi ni hivi: nasoma makala mbili zilizochapishwa humo mwezi uliopita. Kama jarida linajiita la elimu na ndani nakuta makala ya ufugaji wa samaki na nyingine ya mahesabu ya benki, nafunga. Kisha naangalia majina ya bodi ya wahariri, naenda kwenye tovuti za vyuo vyao kuona kama wao wenyewe wanalitaja. Kisha natafuta ada: kama haionekani popote hadi makala ikubaliwe, hiyo ni hatari.

Sehemu nzuri za kuanzia ni AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa 1998 na yenye makao Afrika Kusini. Majarida mengi humo yamepewa nyota kuanzia sifuri hadi tatu kwa kufuata utaratibu wa uchapishaji bora, na alama hiyo unaiona kwenye ukurasa wa jarida lenyewe. DOAJ nayo inaorodhesha majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, yaliyochunguzwa.

Pili, ada. Kuna majarida mazuri kabisa yanayotoza dola elfu moja, elfu mbili. Msikate tamaa haraka. Uganda imo katika Kundi A la Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzifikishia nchi za kipato kidogo machapisho ya utafiti, na wachapishaji wengi wakubwa huwafutia ada yote waandishi wa nchi za kundi hilo. Sharti ni kwamba mara nyingi unaomba msamaha huo wakati ule ule unapowasilisha andiko. Ukingoja hadi likubaliwe, umechelewa. Kundi hilohilo ndilo linalovipa vyuo vyetu ruhusa ya kusoma maelfu ya majarida bila malipo. Mwulizeni mkutubi wa chuo chenu nywila. Inaniuma kuona mwanafunzi anaomba makala kwenye vikundi vya WhatsApp wakati maktaba yake inayo.

Mama Kabale

Mkutubi, umegusa kidonda changu. Nilikuwa nahitaji machapisho mawili ili nipandishwe cheo. Nikapata barua kama hiyo uliyoitaja. Nililipa dola 150, makala ikatoka baada ya siku nne, na hata kosa la tahajia kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala, halikurekebishwa. Nilifurahi, nikaichapisha kwa rangi nikaiweka kwenye fomu. Kamati ikaikataa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba data ile sasa siwezi kuipeleka kwingine. Imeshachapishwa, ingawa hakuna anayeiheshimu. Niliandika kuomba waiondoe, wakanitaka nilipe tena ili kuiondoa. Miaka miwili ya kwenda vijijini na kurudi kwa boda imeishia pale. Vijana, tafadhali ulizeni kwanza. Ulizeni hata hapa.

Mwalimu wa Gulu

Pole sana dada yangu. Umesema jambo ambalo wengi hulificha, na kwa kulisema umewaokoa watu usiowajua.

Muuguzi Mtafiti

Mimi niko upande wa afya, na kwetu kuna kitu kinachorudisha maandiko mengi kuliko lugha: kibali. Utafiti wowote unaohusu watu hapa Uganda unapitia kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa, kisha unasajiliwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Jarida litakuomba namba ya kibali na tarehe. Kibali hakitolewi baada ya kukusanya data. Nimemwona mwenzangu mwenye data safi kabisa akikosa pa kuipeleka kwa sababu hiyo tu.

Na ninyi wa lugha msidhani hayawahusu. Insha za wanafunzi ni data za watoto.

Pia, kwetu kuna orodha za kuhakikisha umeripoti kila kinachotakiwa: STROBE kwa tafiti za uchunguzi, CONSORT kwa majaribio, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo. Jaza orodha yako wakati unaandika, siyo usiku wa kutuma. Ukiijaza usiku wa kutuma utagundua hukuandika sampuli ilipatikanaje, na hapo daftari la uwandani liko nyumbani kwa wazazi. Jarida la kwetu la kuanzia kulisoma ni *African Health Sciences* la Makerere. Lipo tangu 2001 na linapatikana wazi.

Mwalimu wa Gulu

Kweli kabisa, muuguzi. Kwangu kamati ilitaka ridhaa ya wazazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Barua ya mkuu wa shule peke yake haikutosha. Ilinigharimu muhula mzima kwa sababu shule ni ya bweni na wazazi wako mbali, lakini siku jarida lilipouliza, nilikuwa na karatasi.

Sasa tuje kwenye siku ya kutuma. Watu huiona ni siku ya kubofya tu. Mimi ilinichukua jioni mbili, na jioni ya kwanza umeme ulikatika nikiwa hatua ya nne kati ya saba.

Majarida mengi yanataka andiko lisilo na jina, ili mhakiki asijue limeandikwa na nani. Nilifuta jina ukurasa wa kwanza, nikafuta shukrani, nikajiona nimemaliza. Kumbe faili lenyewe lilikuwa limehifadhi jina langu kwenye sifa zake. Bofya sifa za hati na utaliona, mwandishi: fulani. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeandika "kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu", na mwaka, na marejeleo yakanitaja. Mhariri alinirudishia kwa upole. Badala ya hayo andika kwa nafsi ya tatu, na jina la faili liwe la kawaida, lisibebe jina lako.

Halafu kuna suala la majina yetu, ambalo miongozo ya nje hailielewi. Wengi wetu huandika jina la Kiacholi au la Kiganda mwanzoni na la ubatizo mwishoni, kama tulivyozoea darasani. Mfumo wa jarida huchukua lile la mwisho na kulifanya la ukoo. Unajikuta umeingia katika kumbukumbu za dunia kama "Peter, O." na makala inayofuata "Okello, P.", kana kwamba ni watu wawili tofauti. Amua leo jina lako la kitaaluma litasomekaje na usilibadilishe. Kisha jisajili ORCID, ni bure, unapata namba ya tarakimu 16 ambayo ni yako maisha yote hata ukiolewa au ukihama chuo.

Barua ya kwenda na andiko iwe fupi. Yangu ilikuwa hivi: "Ndugu Mhariri, naomba kuwasilisha makala kuhusu upatanisho wa -a unganifu katika Kiswahili cha wanafunzi wanaozungumza Kiacholi. Inaendeleza mjadala wa makosa ya upatanisho uliomo katika matoleo yenu ya karibuni kwa kuleta data kutoka lugha isiyo ya Kibantu. Makala haijachapishwa wala haijapelekwa kwingine." Sentensi ile ya mwisho ni ahadi. Ukituma majarida mawili kwa pamoja ili upate litakalojibu haraka, umewapotezea muda wahakiki wanaosoma bila malipo, na wakigundua jina lako limeharibika.

Kijana wa Arua

Mwalimu, samahani, hili ni gumu kidogo. Msimamizi anasema jina lake litangulie, na kuna bosi wa idara ambaye hajaisoma kazi lakini naye awekwe. Nifanyeje?

Muuguzi Mtafiti

Nimjibu huyu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne, na ni lazima yote yatimie: umechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti au katika data, umeshiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Bosi ambaye hajasoma hatimizi hata moja. Mahali pake ni kwenye shukrani, kama alisaidia chochote.

Msimamizi ni jambo tofauti, wengi wao wanastahili kuwemo. Lakini kazi ikitoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi, desturi ni mwanafunzi atangulie. Mwendee kwa adabu na mwongozo wa jarida mkononi, umwambie: mzee, jarida linataka tueleze kila mmoja alifanya nini, naomba tujaze pamoja. Mara nyingi fomu hiyo inamaliza mazungumzo yenyewe.

Mwalimu wa Gulu

Ushauri mzuri, na fanya hivyo kabla ya kuandika.

Nimalizie na wahakiki, maana hapa ndipo wengi huacha. Jibu langu lilikuja baada ya miezi mitano. (Baada ya miezi mitatu niliandika barua moja ya kuuliza, yenye heshima, na mhariri akashukuru kwamba nimemkumbusha.) Uamuzi: marekebisho makubwa. Nilifunga kompyuta siku mbili. Marekebisho makubwa si kukataliwa, lakini moyo haukujua hilo.

Mhakiki wa kwanza aliandika: mwandishi anasema Kiacholi kina *pa* tu, na *me* je? Nilishtuka. Ni kweli, kuna *me*: *lobo me Uganda*, nchi ya Uganda. Nazungumza Kiacholi tangu nizaliwe na sikuiweka kwenye andiko! Ikabidi nirudi kwenye insha zote na kutenganisha umilikaji na mahusiano mengine. Kazi ya wiki tatu, na makala ikawa nyingine, bora zaidi.

Mhakiki wa pili alikuwa mkali: umejuaje kwamba "ya" hii imetoka Kiacholi, wakati Kiswahili wanachokisikia watoto sokoni na kwa wanajeshi nacho kina "ya" kila mahali? Hili sikuweza kulijibu kwa data niliyokuwa nayo. Sikubishana. Niliongeza aya inayoeleza uwezekano wa pande zote mbili, na nikapunguza dai langu kutoka "imesababishwa na" hadi "inaafikiana na".

Jibu la wahakiki nililipanga kwa jedwali la safu tatu: hoja ya mhakiki kama alivyoiandika, nilichofanya, na ukurasa na mstari kilipo. Hoja zote, hata ile ya mkato uliokosekana. Pale ambapo sikukubali, nilieleza kwa nini, kwa utulivu. Makala ikakubaliwa raundi ya pili.

Mama Kabale

Na hizi programu za akili unde, mwalimu? Wanafunzi wangu wanaandikia ikisiri humo.

Mkutubi Mbarara

Majarida mengi sasa yanataka useme wazi kama umeitumia na kwa kazi gani, na hayakubali iwe mwandishi kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Hatari kubwa ninayoiona kaunta ni marejeleo ya kubuni. Mwanafunzi ananiletea orodha, tunatafuta pamoja, kazi tatu kati ya kumi hazipo duniani. Tumieni Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni bure, na kila rejeleo liingie humo baada ya wewe kuifungua kazi yenyewe.

Kijana wa Arua

Nimerudi. Nimesoma matoleo mawili jana usiku na la tatu asubuhi hii. Tasnifu yangu ina malengo manne. Nadhani swali langu ni hili: kwa nini wachuuzi wa soko la Arua huhesabu bei kwa Kiswahili hata wanapozungumza Kilugbara wao kwa wao? Kichwa nimeweka "Changamoto na Fursa za Kiswahili katika Biashara ya Mpakani."

Mwalimu wa Gulu

Swali ni zuri sana, kijana wangu. Kichwa bado ni cha tasnifu. Toa "changamoto na fursa", weka hesabu, weka soko, weka Kilugbara. Kisha niandikie ikisiri ya maneno 200 unitumie kabla ya Ijumaa, na uweke ndani yake mfano mmoja wa bei kama ulivyoisikia kinywani mwa mchuuzi.